Baada ya Ngoma Kunyamaza: Uhakiki wa Kazi za Darasani Zinazofuata Utazamaji wa Mutomboko, Mwansabombwe

Ikisiri

Mutomboko, ngoma ya Mwata Kazembe inayochezwa Mwansabombwe kila mwisho wa Julai, ni onyesho kubwa kuliko yote ambayo mtoto wa bonde la Luapula na mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, anaweza kulitazama akiwa bado shule ya msingi. Makala haya yanahakiki kazi za darasani zilizozoeleka baada ya utazamaji wa maonyesho ya namna hiyo: insha ya sherehe, orodha ya mavazi na ala, na swali la "tumejifunza nini". Yanadai kwamba kazi hizo humfikishia mtoto dai la kihistoria bila kumjulisha kuwa ni dai. Kwa kutumia masimulizi ya Nachituti, maandishi kuhusu historia ya Luapula na uzoefu wa sanaa za maonyesho za jamii nchini Tanzania, makala yanapendekeza kazi zinazoanzia kwenye kile mtoto alichokiona na kufikia swali la nani ana haki ya kusimulia.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho umezoea kukoma pale onyesho linapokoma. Mhakiki huchambua utendaji, mavazi, lugha na mwitikio wa hadhira, kisha huweka kalamu chini. Lakini kwa hadhira ya watoto onyesho lina sehemu ya pili, nayo hufanyika darasani siku zinazofuata. Hapo ndipo mwalimu huamua, kwa maswali anayouliza, ni nini kati ya yote yaliyoonekana kitakachohesabiwa kuwa ndicho kilichoonekana. Kwa sababu hiyo kazi ya darasani ni tafsiri ya onyesho, na kila tafsiri inastahili kuhakikiwa.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyochapishwa katika jarida la Mulika, aliwahimiza watafiti waitazame fasihi simulizi kama tukio linalofungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Hoja hiyo imekubalika vyuoni kwa zaidi ya miaka 30. Katika shule za msingi bado haijafika. Mwanafunzi aliyerudi kutoka kwenye tukio lenye maelfu ya watu, vumbi, ngoma na woga hutakiwa kuligeuza kuwa matini tulivu ya aya tatu. Makala haya yanauliza kinachopotea katika mgeuzo huo, na yanautumia Mutomboko kama mfano kwa sababu kinachopotea hapo kinahusu ardhi, maji na majirani wanaoishi pamoja.

2.0 Mutomboko kama Onyesho

Waluunda wa Kazembe walitoka magharibi, katika himaya ya Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba na kisha Luapula, na katika karne ya 18 wakasimika utawala wao katika bonde hilo. Kwa masimulizi yao wenyewe, safari hiyo ilikuwa ya ushindi juu ya ushindi, na ngoma ilichezwa kuuadhimisha. Hata hivyo sherehe ya kila mwaka, yenye uwanja, wageni rasmi na ratiba, ni jambo la karibuni. Ilianza kuandaliwa mwaka 1971, wakati wa Mwata Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba. Robert Cancel na David Gordon, waliochunguza sherehe hiyo kwa nyakati tofauti, wameonyesha kuwa ndani yake mapokeo ya kale na ubunifu wa dola huru ya Zambia yamesukwa pamoja.

Siku ya kilele onyesho huhama kutoka mahali hadi mahali. Mwata huenda kwenye mto Ng'ona na kutupa chakula majini kuwakumbuka wahenga. Baadaye hubebwa juu ya machela, huku watu wakimsindikiza kwa shangwe hadi uwanjani. Wengine hucheza kwanza. Mwisho huingia Mwata mwenyewe, amevaa mukonso, vazi pana la kitambaa lililokunjwa mikunjo mingi kiunoni, akiwa na silaha mkononi. Ngoma ya mondo, gogo lililochongwa tundu na lenye uwezo wa kuiga tuni za usemi, hutangulia na kumjibu. Hatua zake hazina haraka. Mwishoni huelekeza silaha juu na chini, na tafsiri inayotolewa mara nyingi ni kwamba hakuna awezaye kumshinda isipokuwa Mungu na kaburi.

Kwa mtazamo wa kihakiki, mambo mawili yanahitaji kutiliwa mkazo. Kwanza, lugha. Sifa za Mwata, ambazo Jacques Chileya Chiwale alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1962, zimehifadhi Kiluunda cha kale ambacho hakizungumzwi tena nyumbani. Wakazi wa Mwansabombwe na Nchelenge huzungumza Kibemba na lahaja zilizo karibu nacho. Hivyo sehemu nzito ya onyesho husikika bila kueleweka, na hadhira inajua kwamba haielewi. Kutoeleweka huko ni sehemu ya mamlaka ya onyesho. Pili, ishara ya mwisho hutoa dai la kutoshindwa katika mahali ambapo historia ina kumbukumbu nyingine pia. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma mji wa Mwata, naye akalazimika kukimbia kabla ya kurudi na kutawala chini ya dola ya kikoloni. Ngoma haisemi uongo kwa kulinyamazia hilo. Ngoma huchagua, kama kila sanaa inavyochagua. Lakini mtoto asiyejua kuwa kuna uchaguzi hawezi kuutazama kama sanaa.

3.0 Insha ya Sherehe na Mipaka Yake

Kazi inayozoeleka zaidi katika shule za Afrika Mashariki na Kati baada ya tukio kubwa ni insha: "Sherehe niliyohudhuria". Muundo wake unajulikana kwa kila aliyepita shule. Aya ya kwanza hueleza siku na usafiri, aya ya kati hutaja wageni, vyakula na ngoma, na aya ya mwisho husema kuwa siku ilikuwa nzuri na watu wote walifurahi. Pembeni yake ipo kazi ya kuorodhesha: taja mavazi matatu ya Mwata, taja ala mbili za muziki, chora na upake rangi. Kisha huja swali la ujumbe, ambalo katika madarasa ya juu hugeuka kuwa mgawanyo wa fani na maudhui: onyesho hili linatufundisha nini?

Kazi hizi zina faida ambazo hazifai kupuuzwa. Insha hujenga msamiati, orodha husaidia kumbukumbu, na swali la ujumbe humzoesha mtoto kufikiri kuwa sanaa ina maana. Tena zinawezekana katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache. Udhaifu wake uko katika mpangilio wa fikra unaobebwa ndani yake.

Insha humtaka kila mtoto aandike kana kwamba aliliona onyesho zima kutoka mahali pasipo na kizuizi. Mtoto wa kweli aliona kwa vipande: mgongo wa mtu mzima, vumbi, ukingo wa mukonso uliopita kwa mbali. Orodha nayo hugeuza vitu vyenye kutenda kuwa vitu vya makumbusho. Silaha iliyoelekezwa juu na chini ikitajwa kama "vazi la tatu" imekwisha kupokonywa kitendo chake. Ama swali la ujumbe, katika Mutomboko lina jibu moja tu linalotarajiwa: tunajifunza kuhifadhi utamaduni wetu. Jibu hilo lina neno moja lenye uzito ambao swali halikuupima, nalo ni "wetu".

4.0 Kapu la Udongo na Chungu cha Maji

Darasa la Mwansabombwe au Nchelenge halina watoto wa Waluunda peke yao. Wamo watoto wa Washila, wavuvi waliokuwa ziwani na mtoni kabla ya Waluunda kufika, na watoto wa koo nyingine zenye masimulizi yao ya ujio. Kwa Washila, jina kubwa la zamani ni Nkuba, na simulizi inayounganisha Nkuba na Kazembe ni ile ya Nachituti.

Katika simulizi hiyo, Nkuba alimwua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama huyo, akiwa na uchungu wa mwanawe, alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Waluunda walimwua Nkuba, na Nachituti akampa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji: ardhi na maji ya nchi ile. Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kilichobeba jina la zawadi hiyo, ameonyesha jinsi simulizi hii ilivyoendelea kutumika katika mabishano kuhusu uhalali wa watawala na haki za uvuvi katika mfumo wa Mweru na Luapula. Hii si hekaya ya kale iliyokufa. Ni hati ya umiliki isiyo na karatasi.

Ikiwekwa kando ya Mutomboko, simulizi ya Nachituti hubadilisha maana ya ngoma. Ngoma husema nchi ilipatikana kwa upanga. Simulizi husema nchi ilitolewa, na aliyeitoa ni mwanamke wa ukoo wa wenyeji. Kauli hizi mbili zinaweza kuishi pamoja, na kwa kweli zimeishi pamoja kwa vizazi, lakini hazilingani. Aliyeshinda hadaiwi na mtu. Aliyepewa ana deni la shukrani na masharti. Mtoto wa mvuvi anayeulizwa darasani kuhusu "utamaduni wetu wa ushindi" anatakiwa asimame upande wa upanga, hali nyumbani kwao huenda anasimuliwa habari za kapu na chungu. Insha ya sherehe haina nafasi ya kuandika habari hiyo ya pili, kwa kuwa haikuonekana uwanjani.

Hapa ndipo kazi ya darasani ina jambo zito la kufanya. Onyesho halilazimiki kusimulia kila upande. Shule inayopokea watoto wa pande zote inalazimika.

5.0 Nani Aseme "Mimi"?

Walimu wa drama duniani wana zoezi maarufu la kumweka mhusika kitini. Mwanafunzi mmoja hukaa mbele kama mhusika, wenzake humwuliza maswali, naye hujibu kwa nafsi ya kwanza. Ni rahisi kupendekeza zoezi hilo Mwansabombwe: mtoto mmoja awe Mwata, mwingine Nachituti, mwingine Nkuba. Pendekezo hilo likiletwa bila uangalifu litagonga mwamba, na sababu zake ni za kihakiki zaidi kuliko za kiutawala.

Ian Cunnison, katika utafiti wake kuhusu watu wa Luapula uliochapishwa mwaka 1959, alieleza kuwa huko aliyerithi jina hurithi pia nafsi ya aliyemtangulia. Mkuu wa ukoo akisimulia mambo ya babu wa kale husema "mimi nilivuka", "mimi nilipigana". Alieleza pia kuwa historia za koo ni mali ya koo hizo, na watu huona si adabu kumsimulia mtu habari za ukoo wake mbele yake. Hata kitabu cha historia cha Waluunda wa Kazembe kilichoandikwa kwa Kibemba chini ya jina la Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, kimebeba katika kichwa chake vimilikishi vya nafsi ya kwanza: wahenga wangu na watu wangu.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka majigambo ya Wahaya, ambamo mtendaji akiwa na silaha mkononi hujitaja na kutaja matendo yake. Lakini mwenye majigambo hujisifu kwa aliyoyatenda au anayoahidi kuyatenda mwenyewe. "Mimi" ya Luapula ni cheo. Kumwambia mtoto yeyote akae kitini aseme "mimi ni Nkuba" mbele ya mtoto ambaye mjomba wake huenda analibeba jina hilo kunavuka mpaka ambao jumuiya inautambua.

Hata hivyo mpaka huo haupaswi kulifuta zoezi. Unalipa zoezi maana ambayo halina mahali pengine. Katika shule za miji mikubwa, mtoto anayeigiza mfalme hujifunza kujiweka mahali pa mwingine. Huku Luapula anaweza kujifunza jambo gumu zaidi: kwamba kusema kwa niaba ya mwingine ni haki inayoombwa.

6.0 Kazi Zinazopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huo, makala yanapendekeza kazi tano. Hakuna inayohitaji zaidi ya chaki, sakafu na vitu vya nyumbani.

Kazi ya kwanza ni ramani ya watazamaji, nayo yafaa kwa madarasa ya chini. Mwalimu huchora uwanja kwa chaki sakafuni, na kila mtoto husimama mahali alipokuwa siku ile. Kisha kila mmoja husema alichoweza kuona kutoka hapo, na alichozuiwa kukiona. Swali la maana halijaruhusiwa bado. Watoto ambao hawakwenda, nao ni wengi kadiri mtu anavyosogea kuelekea vijiji vya ziwani, hupewa kazi ya kuwahoji waliokwenda na kutafuta tofauti katika majibu. Kwa njia hiyo kutokuwepo kwao hakuwi aibu. Wao ndio wanaogundua kwanza kuwa onyesho moja lina mashahidi wengi.

Kazi ya pili ni ya masikio. Watoto hujaribu kupiga mezani mdundo waliousikia, kisha hutafuta tuni za majina yao wenyewe, kwa kuwa Kibemba ni lugha ya tuni na mondo hutumia sifa hiyo. Halafu huandika maneno waliyoyasikia bila kuyaelewa. Kila mtoto huchukua neno moja nyumbani na kurudi na maelezo ya mzee. Maelezo yakitofautiana, yote hubaki ubaoni.

Kazi ya tatu ni picha ya mwili. Watoto husimama kimya katika ishara ya mwisho ya ngoma, bila silaha na bila kuiga vazi, na wenzao hupendekeza sentensi tatu tofauti ambazo ishara hiyo ingeweza kusema. Mwalimu huongeza tafsiri iliyozoeleka kama ya nne, si kama sahihisho. Katika madarasa ya juu hufuata swali la mwaka 1899: ishara hii ilisema nini kwa watu waliokuwa wamejenga upya mji uliochomwa?

Kazi ya nne ni ya kapu na chungu, na yafaa kuanzia darasa la tano. Vitu viwili vyenye udongo na maji huwekwa mezani. Wanafunzi husikiliza simulizi ya Nachituti kutoka kwa msimulizi aliyealikwa, kisha huandika mazungumzo mafupi ya watu wawili waliokuwapo siku zawadi ilipotolewa: mmoja anayesema nchi imetekwa, mwingine anayesema nchi imekabidhiwa. Simulizi ina ukatili ambao hauwafai watoto wadogo. Kifo cha mtoto chatosha kutajwa, na namna alivyouawa iachwe kwa umri mwingine.

Kazi ya tano ni kiti chenye idhini. Anayekaa kitini hasemi "mimi ni fulani" kabla ya kutaja njia ambayo simulizi limemfikia: "Nimesikia kwa bibi yangu, ambaye ni wa ukoo huu." Asiye na njia hiyo huigiza mtu asiye na jina, kama vile mvuvi, mbeba machela au mtoto aliyekuwa akitazama. Kanuni hii ndogo huulinda ukoo, na papo hapo humfundisha mtoto kutaja chanzo, jambo ambalo vyuo vikuu huhangaika kulifundisha kwa watu wazima.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la heshima: kuuliza maswali kuhusu ngoma ya Mwata ni kumvunjia adabu. Jibu ni kuwa kazi hizi hazimwigizi Mwata wala hazipingi dai lake. Tena simulizi ya Nachituti ni miongoni mwa misingi ya uhalali wa Mwata mwenyewe, kwa hiyo kuileta darasani ni kuutajirisha Mutomboko. Wahifadhi wa mapokeo, wa upande wa Waluunda na wa upande wa Washila, wanapaswa kushirikishwa tangu mwanzo, na si kualikwa kubariki jambo lililokwisha kuamuliwa.

Pingamizi la pili ni la wakati, nalo ni zito zaidi. Mutomboko huangukia mwishoni mwa muhula wa pili, na muda mfupi baadaye shule hufunga kwa likizo ya Agosti. Mwalimu mwenye mitihani ya kufunga muhula hana wiki mbili za ziada. Kwa sababu hiyo kazi mbili za kwanza zimeundwa zitoshe katika vipindi viwili, na zile za wazee hugeuka kuwa kazi za likizo. Mtoto atafungua muhula wa tatu akiwa na neno lake na maelezo ya bibi yake.

Pingamizi la tatu ni la mtalaa. Mfumo wa mtalaa wa Zambia wa mwaka 2013 uliweka lugha za nchini kuwa lugha za kufundishia katika miaka minne ya mwanzo, na katika madarasa ya juu ya msingi ukaunganisha muziki, uchoraji na elimu ya viungo katika somo moja la sanaa. Mlango umekwisha kufunguliwa. Kinachokosekana ni mwongozo wa namna ya kuyafanyia kazi maonyesho ambayo watoto tayari wanayatazama.

Uzoefu wa Tanzania una funzo hapa. Katika kazi za sanaa za maonyesho za jamii zilizofanyika Malya, mkoani Mwanza, na Msoga, mkoani Pwani, katika miaka ya 1980, ambazo Penina Mlama amezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991, mjadala baada ya onyesho ulihesabiwa kuwa sehemu ya onyesho lenyewe. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Mlama na Amandina Lihamba, ulipeleka kanuni hiyo katika shule za sekondari ili wasichana wayataje matatizo yao na kuyatafutia njia. Tofauti ni kwamba huko wanafunzi walijadili onyesho walilolitunga wenyewe. Mwansabombwe watoto wanajadili onyesho la mamlaka. Ujasiri unaohitajika ni mwingine, na ulinzi wa mwalimu unapaswa kuwa mkubwa zaidi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kazi za darasani baada ya Mutomboko zina uwezo wa kufunga au kufungua onyesho. Insha ya sherehe hulifunga, kwa kuwa huanza na jibu. Kazi zinazoanzia kwenye mahali mtoto aliposimama hulifungua, kwa kuwa humwonyesha tangu mwanzo kuwa yeye ni shahidi mmoja kati ya wengi.

Kwa washauri wa sera, mambo matatu yanafuata. Mwongozo mfupi wa walimu uandaliwe kwa Kibemba kwa ushirikiano na wahifadhi wa mapokeo wa pande zote. Tathmini ya somo la sanaa itoe alama kwa mtoto anayetaja chanzo chake na anayetambua tofauti kati ya masimulizi mawili, badala ya kuhesabu vitu vilivyoorodheshwa. Tatu, ushirikiano uvuke maji. Washila wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao wakoloni waliuchora kwa kuufuata Luapula, na ng'ambo, Kilwa na Pweto katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lugha ya soko na ya mawasiliano mapana ni Kiswahili. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na nchi zote mbili ni wanachama. Simulizi la kapu na chungu likiandikwa kwa Kibemba na kwa Kiswahili, na maswali yake yakabadilishanwa kati ya madarasa ya mwambao huu na ule, lugha hiyo itapata kazi ya kweli ziwani Mweru, na watoto watagundua kuwa ng'ambo wapo mashahidi wengine ambao bado hawajaulizwa.